Mimba Mbili za Mama Paluku

Mulekera nzima inamjua kwa jina la mtoto ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Ukishuka pikipiki hapo Beni, kwenye mtaa ule ambapo nyumba na mashamba ya mihogo vinasukumana, na ukauliza, "Mama Paluku mwenye kushona iko wapi?" utapelekwa mpaka barazani kwake. Utamkuta mwanamke mfupi, pini mdomoni, akikanyaga cherehani na kubishana na wateja kwa wakati mmoja. Atakupima mabega kwa macho kabla hujakaa. Atakuambia umekonda, hata kama nguo zimekubana wiki nzima. Na mgeni asiyejua, kwa nia njema kabisa, akimuuliza Paluku anasoma wapi, atajibu bila kuinua uso, "Iko Masereka, kwa koko yake, mama ya baba yake." Kisha ataanza yeye kuuliza habari za mgeni, za mke wake, za mbuzi wake, mpaka mgeni asahau alichotaka kujua.

Jina lake hasa ni Kavuo, na la kanisani ni Débora. Kwa Wanande jina la mtoto halitafutwi sana, linahesabiwa. Mvulana wa kwanza Paluku, wa pili Kambale, msichana wa tatu Kavuo, na kuendelea hivyo hivyo, hata mtu akikuita tu, kila aliye karibu ameshajua ulikuja nyuma ya wangapi. Débora alizaliwa Mutwanga, chini ya Rwenzori, nyuma ya dada wawili, na utoto wake wote alivaa magauni ambayo dada wale walikuwa wameyamaliza. Ndiyo maana alijifunza kushona, husema. Hiyo ni nusu ya sababu.

Nusu nyingine ilikuwa tumbo. Tangu miaka kumi na minne, kila mwezi siku zake zilipofika, maumivu yalimshika upande mmoja tu, wa kulia, chini kabisa, yakamkunja. Dada zake nao waliumwa, lakini waliumwa tumbo lote, wakanywa chai ya moto, wakaendelea na kulima. Débora hakuweza hata kusimama. Mama yake alichemsha majani, baba yake akaleta dawa za duka, na mwishowe wakampeleka hospitalini, wakamtoa apendisi. Apendisi ya watu haikuwa na kosa lolote! Ilitoka nzima, safi, na mwezi uliofuata maumivu yakarudi palepale, kando ya kovu. Kuanzia hapo Débora aliacha kusema. Aligundua kwamba mshonaji hukaa ameinama siku nzima na hakuna anayemuuliza ameinamia nini. Akachagua cherehani.

Gamaliel alimpata huko huko barazani. Alikuwa taximan wa pikipiki, kijana mrefu mwenye sauti ya besi ambayo kwaya nzima iliegemea, na alileta suruali iliyopasuka goti. Wiki ya pili aliileta tena, imepasuka goti la pili. Wiki ya tatu Débora aliikagua ile suruali, akaona imekatwa kwa wembe, mstari umenyooka kabisa.

"Iyi pikipiki yako inatumia wembe?" alimuuliza.

"Inatumia kila kitu," alisema Gamaliel, na masikio yakamwiva.

Wakaoana. Siku ya harusi mama yake Gamaliel alishuka kutoka Masereka, kule juu kwenye baridi, na mzigo wa viazi na poro, vile vitunguu vya majani marefu, mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso kama wanawake wa kwao wanavyobeba. Vijana walimpokea kituoni, wakataka kumsaidia. Akawafukuza. Huyo ndiye Kahongya: mjane, mwembamba, mwenye sauti inayosikika ng'ambo ya bonde, aliyelea watoto sita kwa viazi na poro tu. Alimshika bibi harusi mikono, akaigeuza, akaitazama.

"Mikono iko sawa," alitangaza mbele ya watu. "Lakini uyu hakulaka. Kwao Mutwanga banakula nini, hewa?"

Watu walicheka, na Débora akacheka pia. Alikuwa amesikia mengi juu ya mama wakwe, alikuwa amejiandaa kwa vita. Badala yake alipata mwanamke ambaye kila baada ya wiki mbili alimtumia gunia la mboga, na juu ya mboga, limefungwa kwenye jani, kipande cha jibini lao jeupe la milimani. Jibini lilikuwa la Débora peke yake. Gamaliel akinyoosha mkono aliambiwa mama yake atajua tu.

Mwaka wa pili mimba ikaingia. Kahongya alipopata habari alishuka siku hiyo hiyo bila mzigo, jambo ambalo halijawahi kutokea, na akakaa siku nne akimlisha mkwe wake mpaka Débora akaomba huruma. Mwezi wa tatu wa mimba walikwenda wote Butembo kwenye harusi ya binamu. Katikati ya uwanja wa kanisa, watu wakipiga vigelegele, Débora alisikia kitu kimepasuka ndani upande ule ule wa kulia. Alimshika Kahongya begani. Baada ya hapo hakumbuki sana, ila besi ya Gamaliel ikiita jina lake, na taa nyeupe ya chumba cha operesheni.

Alipozinduka, daktari wa Butembo alivuta kiti, akakaa, akachora nyuma ya karatasi. Débora hajamsahau kwa kule kukaa tu. Madaktari wengi husema wamesimama.

"Hakuna kitu ulikosea," alianza hivyo. "Ulitengenezwa hivi tangu tumbo ya mama yako."

Akaeleza polepole, huku kalamu ikienda. Mji wa mimba wa mtoto wa kike, akiwa bado tumboni mwa mama yake, hutengenezwa kwa pande mbili zinazokuja kuungana katikati, na kila upande una mrija wake. Kwa Débora upande wa kushoto ulikua. Wa kulia ulibaki chumba kidogo kisicho na mlango, na mrija wake ukining'inia hapo. Damu ya kila mwezi ya chumba kile haikuwa na pa kutokea, ikarudi mrijani, ikaujaza, ikauvimbisha. Hayo ndiyo maumivu ya tangu miaka kumi na minne. Kisha mbegu ya mume ilipita upande mzuri, ikazunguka kwa ndani, ikaingia mrija ule mbovu, na mimba ikakaa mahali ambapo hapawezi kubeba mtoto. Mrija ukapasuka. Walikuwa wameutoa pamoja na kile chumba. Na figo pia alikuwa nayo moja tu, ya kushoto; watu walioumbwa hivyo mara nyingi huwa hivyo.

"Sasa sikia vizuri," daktari alisema, akaweka kalamu chini. "Umebaki na trompe moja, ule mrija wa kushoto. Mimba inaweza kuingia tena, na unaweza kuzaa. Lakini ukikosa siku zako wiki moja tu, nenda ekografi, ile picha ya tumbo. Usingojee mwezi. Tuone imekaa mu nyumba ya mutoto ao mu trompe. Ikikaa mu trompe na tukachelewa, tunaipoteza ile moja, na wewe pia tunaweza kukupoteza. Na ikikaa mu nyumba, utazalia mahali penye operesheni, sababu nyumba yako ni ya upande moja."

Gamaliel alikuwa anatazama ukuta. Kahongya ndiye aliyeinama juu ya mchoro, ambao kwake ulikuwa mistari tu kwa kuwa hakusoma, akautazama kama anayenunua shamba.

"Nyumba ya chumba moya," alisema. "Munganga, unajua ni batu ngapi balizaliwa mu nyumba ya chumba moya huku kwetu? Mi mwenyewe!"

Débora alicheka, nyuzi zikamvuta, akalia kwa maumivu na kicheko pamoja, na Kahongya akamshika tumbo kwa viganja viwili ili acheke vizuri.

Lakini maneno ya watu hayana nyuzi. Walipopanda Masereka akapumzike, shangazi mmoja wa ukoo alikaa jikoni na kusema, bila hata kupunguza sauti, kwamba Gamaliel aangalie mapema, mwanamke amekatwa, ndani hakuna kitu tena. Débora alikuwa nyuma ya mlango na bakuli la uji. Alisikia Kahongya akiinuka, kigoda kikaanguka.

"Uyu alibeba mimba," alisema Kahongya. "Mujukuu yangu alikufa mu njia. Jina yake ni Paluku. Na uyu muke ya mutoto wangu, kuanzia leo, ni Mama Paluku. Mutu asimwite ingine mbele yangu."

Wazee walinung'unika, maana jina hungoja mtoto atoke. Mwingine akauliza, nani alisema ni mvulana? Kahongya akamjibu kwamba yeye ndiye aliyesema. Nani angeanza ugomvi naye? Ile karatasi ya hospitali, yenye mchoro nyuma na maelezo yote mbele, aliikunja mara nne, akaiweka kwenye sanduku lake la bati pamoja na vyeti vya ubatizo vya watoto wake sita. Kwake ilikuwa cheti cha kuzaliwa cha Paluku. Débora, nyuma ya mlango, alilia mpaka uji ukapoa. Mama yake mzazi alimpenda, ndiyo, lakini hakuna mtu aliyewahi kumsimamia namna hiyo.

Na jina likashika. Sokoni Mama Paluku, kwenye kwaya Mama Paluku, hata Gamaliel akitaka kitu chake usiku huita, "Mama Paluku, chumvi iko wapi?" Jina lile lilimfunika. Ulimwengu una adabu nyingine kabisa kwa mwanamke anayeitwa mama wa fulani, na Débora, kwa miaka miwili na nusu, alijifunika adabu ile kama shuka nzito ya Masereka. Alijua umama ule ni wa kukopeshwa tu, lakini ulikuwa wake.

Kisha siku zake zikachelewa. Siku tatu, tano, wiki. Alijua aende ekografi, na alipanga kwenda. Lakini siku ya nane Kahongya aliingia na gunia, akafungua poro mbele yake, na Débora akageuza uso, akakimbilia nyuma ya nyumba. Aliporudi akifuta mdomo, mama mkwe alikuwa amesimama katikati ya baraza, mikono kichwani, anacheka na kulia.

"Tunaenda ku santre. Sasa hivi. Hapana kuvaa viatu vizuri, tunaenda!"

Kituo cha afya kilikuwa mwendo wa dakika tano. Ilikuwa siku ya wajawazito, mabenchi yamejaa wanawake, wote wanajuana na wote masikio wazi. Muuguzi Phinées, kijana mwema mwenye haraka, alikuwa na meza, rundo la fishi, kadi za wagonjwa, na watu thelathini mbele yake. Aliuliza kwa sauti, kwa kuwa vinginevyo hasikiki.

"Mama, iyi ni mimba ya ngapi?"

Kabla Débora hajafungua mdomo, Kahongya alijibu. "Ya pili!"

"Mutoto wa kwanza, kijana ao binti?"

"Kijana. Paluku." Alilisema jina lile ili benchi la mwisho pia lilisikie.

"Alizaliwa wapi?"

"Butembo, ku hospitali kubwa!"

Phinées akaandika. Amezaa mara moja, hospitalini, mtoto mmoja yupo. Hakuuliza kama yu hai. Kwa nini angeuliza, wakati koko wa mtoto amesimama pale anang'aa hivi? Débora aliona kalamu ikienda. Aliinama juu ya meza.

"Munganga, na ekografi?" alisema kwa sauti ndogo.

"Mama mwenye alisha kuzala bila shida, tunamutuma mwezi ya tano. Haraka ya nini, Mama Paluku? Iyi njia unaijua!"

Wanawake wakacheka kwa upendo. Sentensi ambayo Débora alihitaji ilikuwa fupi sana. Sina mtoto. Maneno mawili. Lakini alimtazama Kahongya, uso ule uliokauka kwa upepo wa milimani, sasa umefunguka, anapokea pongezi za wanawake asiowajua, na akaona kwamba kuyasema maneno yale hapo ni kumpiga kofi mwanamke huyu mbele ya watu, na kumzika Paluku mara ya pili. Akashindwa. Akachukua fishi, akasema asante.

Jioni alimwambia Gamaliel kila kitu, kwa kunong'ona, Kahongya akiwa uani. Gamaliel alijikuna kichwa.

"Kesho asubuhi napeleka mutu Mutwanga, nilisha kumuahidi. Saa sita narudi, nakupeleka ekografi. Mama hatajua. Tutasema tunaenda kununua uzi."

Ulikuwa mpango mzuri. Watu wawili waliompenda mtu wa tatu, wakapanga kumdanganya kwa kisingizio cha uzi.

Asubuhi Gamaliel aliondoka. Débora alikaa kwenye cherehani, amalize kola za kwaya. Saa nne hivi ilimshika. Upande wa kushoto. Hakuwa amewahi kuumwa kushoto hata siku moja katika maisha yake. Miguu iliganda juu ya kanyagio, kwa sababu alijua kilichoko kushoto. Kushoto ndiko alikobakiwa na mrija.

Kahongya alikuwa anamenya viazi. Alitupa kisu. Hakuuliza kitu, alimwinua kwa makwapa, akamtembeza ile njia ya dakika tano, nusu akimbeba, na Débora alishangaa, hata katikati ya maumivu, jinsi mgongo ule mwembamba ulivyokuwa mgumu.

Phinées alimlaza. Alimpima presha, akamuuliza kama damu inatoka, haikuwa inatoka. Alibonyeza hapa na pale. Kisha akavuta fishi, akaisoma, uso ukatulia.

"Ni mishipa inavutika, Mama Paluku. Kwa mimba ya pili inatokeaka. Nakupatia dawa ya maumivu, upumuzike nyumbani. Ikizidi, unarudi."

"Munganga," alisema Débora. "Mi..."

Akamtazama Kahongya, akanyamaza. Ndiyo, alinyamaza, na usimcheke. Kuna watu wanaweza kuwaudhi wanaowapenda na kuna ambao hawawezi hata roho ikiwa mlangoni.

Kahongya alikuwa anamtazama yeye, si muuguzi. Aliutazama mkono wa Débora ulivyoshika upande wa kushoto. Kisha akaitazama ile fishi.

"Iyo karatasi," alimwambia Phinées, polepole. "Inasema nini juu yake?"

"Inasema alisha kuzala mara moya, mama. Mutoto muzima. Basi hakuna hatari mingi."

Nje wanawake wa chanjo walikuwa wanapiga soga, mlango wazi. Kahongya alivuta kitambaa chake cha kichwani, akakishika mbele yake kwa mikono miwili, kichwa wazi, nywele nyeupe, kama mtu aliyeingia matangani.

"Futa," alisema.

"Nini, mama?"

"Futa iyo. Hana mutoto." Sauti ilikuwa ile ile ya ng'ambo ya bonde, haikupungua hata kidogo, na soga za nje zikakatika. "Paluku hakuzaliwa. Mimba ilikaa mu trompe, ikapasuka, bakaikata Butembo. Uyu alizaliwa na nyumba ya upande moya. Amebaki na trompe moya tu, ya kushoto, na ndio inamuuma. Ni mi nilikuambia vile, si yeye. Uyu mutoto wangu hajawahi kuzala. Andika, munganga! Andika haraka!"

Débora alisikia maneno yale yote. Yalimuuma kuliko tumbo, na wakati huo huo alitamani kumbusu yule mwanamke miguu. Kwa miaka miwili na nusu Kahongya alikuwa amelishikilia lile jina dhidi ya ukoo mzima, na sasa alilitoa mbele ya mlango wazi, mwenyewe, kwa mdomo wake, kwa sababu ya mtu aliyelala kitandani.

Phinées alisimama ghafla mpaka kiti kikaanguka. Kijana mwema, nimeshasema. Hakugombeza mtu. Aliandika mistari mitatu ya kumhamisha, akakimbilia barabarani mwenyewe, akasimamisha pikipiki ya kwanza. Débora akawekwa katikati, Kahongya nyuma akimkumbatia, na njia nzima mpaka hospitali kubwa ya Beni alisikia moyo wa mama mkwe ukimgonga mgongoni.

Daktari wa ekografi alikuwa mwanamke, Bénite, mwenye miwani na mikono ya baridi. Alisoma karatasi ya Phinées, akawapita watu wote waliokuwa foleni, akamwingiza. Alipotaka kufunga mlango akamkuta Kahongya ameshaingia.

"Mama, nje kidogo."

"Mi hapana toka," alisema Kahongya, na daktari akaona mambo mengine si ya kupoteza muda.

Dawa ya kupaka tumboni ilikuwa baridi. Kifaa kilizunguka chini ya kitovu, kikasimama, kikazunguka tena. Débora alitazama dari na kuomba, si kwa maneno mazuri ya kanisani, aliomba kama mtoto: isiwe mrijani, Baba, isiwe mrijani, tafadhali, tafadhali. Kahongya alikuwa ameupa mtambo mgongo.

"Mji wa mimba wa upande mmoja," daktari alijisemea. "Upande wa kushoto. Ndiyo." Akasukuma kidogo, Débora akashtuka. "Hapo ndipo panauma? Hiyo ni ovari. Ina kifuko cha maji. Ndicho kinalisha mimba siku za mwanzo, chako kimekua kidogo tu, kitapungua." Kifaa kikarudi katikati. "Na mimba..."

Akageuza kioo.

"Iko ndani. Mu nyumba. Ina wiki saba, ile damu kidogo ya mwezi uliopita haikuwa siku zako. Angalia, mama, hiki kinachopepesa. Ni moyo."

Débora aliona nukta, ndogo kuliko kichwa cha pini, inawaka na kuzima. Akapiga kelele ya furaha iliyomshtua hata yeye, kisha akalia, akasema asante mara nyingi, kwa daktari, kwa Mungu, kwa mtambo. Daktari alimwacha alie, halafu akamwambia ukweli uliobaki: nyumba ni nyembamba, mtoto anaweza kutaka kutoka mapema au kukaa vibaya, atakuja kila wiki mbili na atazalia hapo hapo, si kwingine. Débora alikubali yote. Angekubali hata kulala chini ya meza yao miezi tisa.

Kahongya bado alikuwa ameelekea ukutani, kitambaa mkononi. Débora alimwita. "Mama. Mama, iko mu nyumba." Alitikisa kichwa kwamba amesikia. Alijipangusa uso kwa kile kitambaa, lakini hakugeuka.

Daktari Bénite alivuta fishi mpya, ile ya zamani akaichana. Aliandika huku akisoma kwa sauti, kama ilivyo desturi yake.

"Mimba: mbili. Kuzaa: sifuri. Watoto walio hai: sifuri."

Kwa kila sifuri, Débora aliona mgongo wa Kahongya ukipokea pigo. Kisha yule mwanamke akageuka.

"Docta. Ile ya kwanza ulisema ngapi?"

"Mimba? Mbili."

"Lakini mu tumbo yake muko moya. Nimesikia ukitaja moyo moya tu."

"Ndiyo, mama. Moja ni hii ya leo. Nyingine ni ile ya Butembo, ya mu trompe. Mimba zote tunahesabu. Haiwezekani kuiacha, ilikuwepo."

Kahongya alisogea mezani. Alinyoosha kidole chake cha kulimia viazi, chenye ufa mweusi ambao hauoshiki tena.

"Nionyeshe ni wapi."

Daktari alichukua kidole kile, akakiweka juu ya namba.

"Na ndani ya iyi mbili, Paluku iko?"

Bénite hakumjua Paluku. Alimtazama Débora kitandani, akautazama uso wake, akaelewa.

"Iko, mama."

Kahongya aliinama juu ya fishi mpaka pua ikakaribia karatasi, na akasema kwa sauti ya chini ambayo Débora hakuwahi kuisikia kwake, sauti ya kuamsha mtoto taratibu, "Paluku, mudogo yako anakuya."